Chewa na mfuko wa kulia: uchambuzi wa kisa kimoja cha kung'atwa

## Kabla ya kisa

Hiki ni kisa cha chewa, samaki mkubwa wa mwambani tuliyemzoesha kula mayai mkononi, aliyeung'ata mkono wa mzamiaji. Majina ya watu, ya boti na ya mwamba nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Mfululizo wa matukio sikuugusa. Wakati huo nilikuwa mkuu wa waongozaji wa wazamiaji kwenye boti inayohusika, kwa hiyo msomaji asitarajie uchambuzi wa mtu aliyekaa pembeni. Mayai ya kwanza kabisa yalitoka mkononi mwangu.

## Samaki mwenyewe

Jamii ya chewa ni kubwa. Mkubwa wao katika miamba ya matumbawe, Epinephelus lanceolatus, hufikia urefu wa karibu meta 2.7 na uzito wa kilo 400. Wetu hakuwa huyo. Alikuwa Epinephelus tukula, yule wa rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, mwenye mabaka meusi makubwa ubavuni, ambaye huweza kufika meta 2 na kilo 110. Sisi tulimkadiria meta moja na nusu, na makadirio ya chini ya maji yafaa kupunguzwa, maana kioo cha miwani ya kuzamia hukifanya kila kitu kionekane kikubwa kwa thuluthi moja zaidi. Tulimwita Mzee kwa sababu ya midomo yake minene na mwendo wake wa taratibu. Kama alikuwa dume au jike hatukujua. Kwa chewa swali hilo si jepesi, kwani wengi wao huanza maisha wakiwa majike na baadhi hugeuka madume ukubwani.

Mzee alikuwa na pango lake kwenye kina cha meta 16, chini ya tumbawe kubwa lililolala ubavu. Asubuhi ungemkuta mlangoni, mdomo wazi nusu, samaki wadogo wa rangi ya samawati wenye mstari mweusi wakiingia na kutoka kwenye matamvua yake kumtoa vimelea. Alikuwa na uwezo wa kuwameza wote kwa mkupuo mmoja, na hakuwahi kufanya hivyo mbele yetu. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni jambo hilo kabla ya lolote jingine, na mpaka leo naona lilitosha kabisa kuwa kivutio. Hatukuhitaji kuongeza kitu.

Chewa huwinda kwa kuvizia. Hutulia, hungoja, na mawindo yakisogea hufungua mdomo ghafla huku akitanua mashavu na koo. Nafasi inayopatikana mdomoni hujazwa na maji, na maji yanayoingia kwa nguvu hivyo huja na chochote kilichokuwa mbele yake, awe samaki, kaa au ngisi. Yote huisha kabla jicho la mtu halijajua limeona nini. Meno yake ni madogo, mengi, yameinamia kooni. Hayakati. Yanazuia kilichoingia kisitoke. Msomaji aliweke hili kichwani, kwa sababu jeraha tutakalolieleza limetokana na umbo hilo la kinywa, halikutokana na ukali.

La pili ni udadisi wake. Chewa wana tabia ya kuandamana na wawindaji wengine. Mwaka 2006 watafiti walichapisha walichokiona katika Bahari ya Shamu: aina moja ya chewa huenda hadi kwenye shimo la mkunga mkubwa, samaki mrefu kama nyoka, humtikisia kichwa, na mkunga hutoka wakaenda kuwinda pamoja. Mkunga anapenya kwenye nyufa, chewa anangoja nje, na samaki aliyejificha hana pa kukimbilia. Mwaka 2013 ikaelezwa pia kwamba chewa husimama kichwa chini mkia juu, kuonyesha ufa ambamo windo limejificha. Mnyama wa namna hiyo amezoea kumtazama kiumbe mwingine na kusoma mwendo wake ili apate chakula. Mzamiaji anayepigapiga mapezi na kutimua mchanga, machoni pa chewa, ni mwenzake wa kuwinda asiyeijua kazi vizuri.

Ndiyo maana Mzee alitufuata tangu mwanzo, kabla ya yai lolote. Alikuwa akikaa umbali wa meta mbili, akizungusha jicho moja huku jingine likitazama kwingine, akituacha tulipotoka kwenye eneo lake.

## Jinsi mayai yalivyoingia

Ilianza siku ambayo mwonekano wa maji ulikuwa mbaya na wageni walikuwa wamenuna. Nilikuwa na yai la kuchemsha lililobaki kwenye mfuko wa chakula. Nikalishusha ndani ya mfuko wa paja la kulia wa suti yangu, nikalitoa mbele ya pango. Mzee alilitazama, akasogea, na yai halikuwepo tena. Sikuhisi hata mguso, ila maji tu yaliyovutwa kupita vidoleni. Wageni walipanda juu wakipiga kelele za furaha.

Baada ya hapo yai likawa desturi. Waongozaji wengine wakaiga, na kwa kuwa wote walinifuata mimi, yai lilikaa mfuko wa kulia kila mara. Ndani ya miezi mitatu minne Mzee hakuwa tena akingoja pangoni. Mlio wa injini ulipopungua juu ya boya, tulimkuta tayari chini ya kamba, meta nane au kumi juu ya sakafu yake, mahali ambapo chewa wa aina yake hana sababu ya kukaa.

Dalili zilikuwepo, na nazieleza kwa mfululizo kwa sababu kila moja tuliigeuza mzaha. Kwanza alianza kumsukuma mwongozaji kifuani kwa pua. Kisha akameza boya dogo jeupe la kamera ya mgeni, akalitema. Wiki moja baadaye akaivuta glovu ya mwongozaji mmoja hadi ikavuka nusu ya kiganja. Jioni ile tuliisimulia kama hekaya mezani. Mwongozaji mwenye glovu alicheka kuliko wote, lakini kesho yake niligundua alikuwa amehamia mwisho wa kundi. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Wala hatukuwa wa kwanza. Kwenye Great Barrier Reef, Australia, kuna mahali panapoitwa Cod Hole ambapo chewa wa aina hii hii walilishwa na wazamiaji kwa miaka mingi. Jimbo la Florida nchini Marekani lilikuwa limepiga marufuku wazamiaji kulisha samaki tangu mwanzoni mwa 2002. Na mwaka 2005, nchini Thailand, mzamiaji aliyekuwa akimlisha mkunga mkubwa soseji aliondokewa na kidole gumba. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilijiambia kwamba mkunga ana meno ya kukata na chewa hana, kana kwamba suala lilikuwa meno.

## Siku ya tukio

Kundi lilikuwa la watu sita na mwongozaji mmoja. Mimi nilikuwa juu, kwenye boti. Mwongozaji wa siku hiyo alikuwa mgeni kazini na hakuwa na yai, na hilo ni la maana kuliko linavyoonekana: kundi lilishuka, Mzee akalipokea kama kawaida, na hakupata kitu. Walioshuka walisema alizunguka kundi mara tatu au nne, kila mara karibu zaidi, mapezi ya mgongoni yamesimama na mabaka yake yamekolea.

Dakika ya 22, kwenye kina cha meta 16, mzamiaji mmoja, mwanamke mwenye uzoefu wa kutosha na mtulivu sana majini, alitaka kumwandikia mwenzake jambo. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa paja la kulia, akatoa kibao cha kuandikia. Kibao kilikuwa cheupe, kidogo, cha mviringo. Hakuwa akimtazama Mzee. Mkono ulipotoka mfukoni, uliingia kinywani hadi kifundo.

Alifanya ambalo kila mtu angefanya, akavuta. Meno yaliyoinamia ndani yakafanya kazi yake. Mwenzake alisema vuta nikuvute hiyo haikufika sekunde mbili, kisha Mzee akaachia mwenyewe, akatema kibao, akarudi nyuma kama meta moja na kubaki pale akitazama. Ngozi ya mgongo wa mkono ilikuwa imechunika kama iliyosuguliwa kwa msasa, na kati ya kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na mpasuko wa kina. Damu kwenye kina hicho huonekana ya kijani kwa kuwa mwanga mwekundu haufiki, na hilo, alituambia baadaye, ndilo lililomtisha kuliko maumivu.

Mwongozaji mgeni kazini alifanya mambo matatu ambayo sidhani ningeyafanya vizuri zaidi. Alimshika jaketi kwanza, kabla ya kuugusa mkono, ili asipande kwa hofu. Akamwashiria apumue na akapumua naye. Ndipo akaukandamiza mkono kwa kiganja chake na kuanza kupanda naye kwa mwendo wa kawaida, meta tisa kwa dakika. Kituo cha usalama cha dakika tatu kwenye meta tano, yaani kusimama kidogo ili mwili utoe gesi iliyozidi, alikiruka. Alikuwa ameangalia kompyuta yake ya kuzamia, inayohesabu kina na muda: walikuwa ndani ya muda usiohitaji kituo cha lazima, na mbele yake alikuwa na mtu anayevuja damu na anayeanza kutetemeka.

Juu tuliosha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, tukafunga kwa mkandamizo, tukauinua mkono. Hospitalini tulisisitiza kwamba jeraha ni la baharini na limetoka kinywani mwa samaki, kwa sababu maji ya bahari ya joto yana bakteria wa jamii ya Vibrio, na daktari akijua hilo huchagua dawa kwa kuzingatia hilo. Alisafisha tena, akashona sehemu tu na kuacha nyingine wazi, akatoa antibayotiki na sindano ya pepopunda.

## Kikao na tulichoamua

Tulikutana usiku ule ule, na nadhani lilikuwa kosa, maana kila mtu alikuwa bado na joto. Mwenye boti alitaka samaki aondolewe. Neno alilotumia lilikuwa hilo, "aondolewe", na wote tulijua maana yake ni ndoana. Mmoja wetu alipendekeza ahamishiwe mwamba mwingine. Mwingine akasema tuendelee kulisha, ila kwa bomba refu, mkono uwe mbali.

Nililikataa la ndoana kwa sababu ambayo si huruma peke yake. Kwanza iko sheria: zipo sehemu ambazo chewa huyu halindwi na zipo ambazo analindwa kabisa, Queensland ikiwemo, na hatukuwa na haki ya kujifanya hatujui tulipo. Lakini hata kama sheria ingeruhusu, pango zuri halikai tupu. Chewa mwingine angeingia, akatukuta sisi wale wale na mifuko ile ile. Samaki huyu pia huishi miaka mingi, na wa umri wa aliyekufa hapatikani kwa msimu mmoja. Na kama kuna aliyefikiria nyama, chewa mkubwa wa mwamba ni miongoni mwa samaki wanaokusanya sumu ya siguatera kutoka kwa samaki wadogo wanaowala, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Kumhamisha kulikuwa na tatizo lake. Chewa akipandishwa haraka kutoka kina hicho, kibofu chake cha hewa hutanuka na kumuumiza ndani, na akinusurika haielekei atabaki tutakapomwacha. Bomba refu nalo lingemfundisha kwamba kitu kirefu kinachotoka kwa mzamiaji ni chakula, na mkono ni kitu kirefu.

Tukaamua hivi: kulisha kukome siku hiyo hiyo, mwamba ufungwe kwa wageni kwa wiki sita, na katika wiki hizo waongozaji wawili wawili washuke mara mbili kwa wiki, mikono imekunjwa kifuani, mifuko imeshonwa, wasimpe chochote na wasimkimbie. Mwenye boti alikubali kwa shingo upande, na nafikiri kilichomfanya akubali ni kwamba hapakuwa na gharama zaidi ya wageni kupelekwa mwamba wa jirani.

## Wiki zilizofuata

Mara ya kwanza tuliposhuka, Mzee alikuwa vilevile. Mara ya pili na ya tatu alikuwa mbaya zaidi. Alinigonga pajani, upande wa kulia, kwa uzito wa mwili mzima. Alitoa ule mngurumo wao mzito, wa misuli inayotikisa kibofu cha hewa, unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Mwenzangu aliniashiria tupande. Tulipanda, na juu akaniambia mpango huu utamuua mtu.

Hapo nusura tuache. Ninachokijua sasa ni kwamba mnyama aliyezoea malipo, malipo yakikatika, huongeza juhudi kabla hajakata tamaa. Mtu anayebonyeza swichi ya taa isiyowaka huibonyeza tena na tena, kwa nguvu zaidi, kisha ndipo anaacha. Kelele za Mzee zilikuwa dalili kwamba somo linaingia.

Wiki ya nne alibaki umbali wa meta moja. Wiki ya tano alitupokea pangoni badala ya kwenye kamba ya boya, na tukaona kama tumeshinda. Wiki ya sita akarudi kwenye kamba, akisukuma na kugonga, kana kwamba hatujafanya lolote.

Ilituchukua siku tatu kujua. Mmoja wa waongozaji wetu alikuwa akishuka na marafiki zake siku za mapumziko, kwa boti nyingine, na alimpa Mzee yai. "Moja tu," alisema, na namwamini. Alitaka wapate picha. Hakuwa na nia mbaya, na mimi niliyeanzisha mchezo huo sikuwa na uso wa kumkaripia.

Yai hilo moja lilifanya madhara kuliko mayai kumi ya zamani. Tabia inayolipwa kila mara hukatika upesi malipo yakisimama, kwa sababu mnyama huona tofauti. Malipo yanayokuja mara moja moja humfundisha kuvumilia ukame, na sisi tulikuwa tumetoka kumfundisha Mzee kwamba wiki tano bila yai hazimaanishi mayai yamekwisha. Tukaanza upya. Safari hii tulikwenda kwa boti nyingine zote zilizofunga kwenye boya lile na kuwaonyesha picha za ule mkono. Picha zilifanya kazi ambayo maneno yangu hayangeweza.

Ilichukua miezi minne zaidi. Wageni walirudi kwa makundi ya watu wanne, vibao vya kuandikia vikiwa vya kijivu na vimefungwa kwenye kifundo cha mkono, ili mtu asichomoe kitu mfukoni.

## Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi ya vyote ni mwongozaji aliyeshika jaketi kabla ya mkono. Jeraha la mkono lilikuwa la kutibika. Kupanda kwa kasi kutoka meta 16 huku pumzi imezuiwa kungeweza kumpasua mapafu. Uamuzi wa kuruka kituo cha usalama umebishaniwa sana kati yetu. Mimi nasimama naye, kwa masharti kwamba aliangalia kompyuta kwanza. Angeruka bila kuangalia, ningesema alibahatika.

Kufunga mwamba kulifaa, ila wiki sita zilikuwa namba ya kubuni. Tuliichagua kwa sababu ilimridhisha mwenye boti, haikutokana na chochote tulichokijua kuhusu samaki. Tungeweka kigezo cha tabia badala ya tarehe, kwa mfano mishuko kumi mfululizo bila kuguswa, tusingejidanganya ile wiki ya tano.

Kosa kubwa la kiutaratibu ni kwamba katazo lilikuwa la boti yetu, na samaki hakuwa wa boti yetu. Tulipaswa kwenda kwa majirani siku ya kwanza. Hatukwenda kwa aibu, maana ingebidi tueleze kilichotokea.

Lakini kosa ninalolirudia kichwani ni dogo kuliko hilo. Ni ile glovu. Samaki anayevuta kwa kufyonza alikuwa ameshatuonyesha, wiki mbili kabla, kwamba hatofautishi yai na kilicholishika yai. Mwongozaji aliyehamia nyuma ya kundi alikuwa amelielewa. Mtu mwenye wadhifa wangu angemuuliza swali moja tu, na nadhani mwanamke yule angekuwa na vidole vinavyokunjika vyote.

Wazo kwamba Mzee aligeuka mkali nalikataa. Mnyama mkali hang'ati, akaachia, akakaa kutazama. Alifyonza kitu cheupe, cha mviringo, kilichotoka mahali panapotoka vitu vyeupe vya mviringo, katika siku ambayo alikuwa amecheleweshewa. Alivyoona si chakula, akakitema.

Aliyeumia amepona. Kidole cha shahada hakikunji hadi mwisho, na kuna kovu la nukta nukta mgongoni mwa mkono. Alirudi kuzamia mwaka uliofuata, kwenye mwamba ule ule, kwa ombi lake. Mzee alikuwa pangoni, wasafishaji wake wakimwingia matamvuani, nasi tukakaa meta tatu mbali, mikono kifuani. Hakusogea. Kisha mimi, bila kufikiri, nikarekebisha mkanda wa mapezi kwa mkono wa kushoto, na hakugeuza jicho. Nilipopeleka wa kulia kujikuna paja, alifunga mdomo, samaki wadogo wakatawanyika, na kichwa chake chote kikageukia mkono wangu.